Kushusha Tanga Katikati ya Bahari: Maalim Seif na Siasa za Kuhama Chama

Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi jioni mbele ya vijana waliokusanyika katika ukumbi wa skuli, hapa Pemba. Walioko safarini wameniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha yalivyo, nimeondoa kikohozi tu.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wanangu, mama zangu mliokaa upande ule wa madirisha, wazee wenzangu. Nimepewa nusu saa. Mnanijua, mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu hamalizi kipindi mpaka kengele imfukuze. Mnivumilie.

Nianze na swali. Nani humu ndani anataka siku moja kugombea? Udiwani, Uwakilishi, Ubunge, chochote. Nyanyueni mikono, msione haya, hapa hakuna kamati ya maadili. Mmoja, wawili... watano. Na yule kule nyuma kanyanyua nusu mkono. Haya, tumhesabu. Sita.

Basi leo nasema na hawa sita, wengine mtanisamehe, mtasikiliza kama majirani.

Nimeombwa nizungumzie mwanasiasa anapokihama chama chake. Kila mwaka wa uchaguzi mnayaona haya. Mtu kavaa rangi hii miaka 20, kaamka asubuhi kavaa rangi ile. Barazani tunauliza swali moja tu: kapewa nini? Mimi swali hilo silipendi sana, maana jibu lake mara nyingi hatulijui, tunalitunga. Nina maswali mawili mengine yanayojibika kwa macho. Kaacha nini nyuma? Na nani kamfuata?

Kaacha nini, na nani kamfuata. Yashikeni hayo mawili, maana nitayarudia mpaka mchoke.

Kwanza mjue, nyinyi sita, kwamba katika nchi yetu kiti si chako. Utachapisha picha zako, utatembea vijiji vyote vya jimbo mpaka viatu vikuchoke, mama yako atauza ng'ombe. Utashinda, utaapishwa. Kiti bado si chako. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema mbunge lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama. Na inasema tena kwamba akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomwingiza bungeni, ubunge umekwisha. Hakuna mgombea binafsi. Marehemu Mchungaji Mtikila aliipigania kesi hiyo miaka mingi, akapanda nayo mahakama hii, akashuka na ile, hadi Mahakama ya Afrika kule Arusha ikasema mwaka 2013 kwamba zuio hilo linavunja haki za raia. Hukumu ikatoka. Mlango haukufunguliwa.

Sheria hii ina jamaa yake Kenya, na kisa chake kinafaa kusikilizwa. Mwaka 1966 Mzee Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais, alijitoa KANU. Wabunge kadhaa wakatoka naye wakaingia KPU, chama kipya cha upinzani. Serikali ya Mzee Kenyatta ikakimbilia bungeni, katiba ikabadilishwa kwa siku chache tu: mbunge akihama chama, arudi kwa wapigakura. Ukafanyika uchaguzi mdogo mwaka huohuo, KPU ikarudi bungeni imepungua sana, na 1969 ikapigwa marufuku. Kwa maneno inapendeza, "arudi kwa wananchi aulize kama bado wanamtaka." Nani atalikataa hilo? Lakini tazameni ilitungwa lini, na ilitungwa kumzuia nani.

Na ina makali kuwili. Julai 2017 wabunge 8 wa viti maalumu wa CUF, wanawake wote, walivuliwa uanachama na upande wa Profesa Lipumba, mwenyekiti aliyekuwa akivutana na Maalim Seif ndani ya chama. Barua ikafika kwa Spika, viti vikatangazwa kuwa wazi. Jamani, wale walihama? Hawakuhama. Walikuwa wamekaa palepale. Chama ndicho kilichowahama wao.

Halafu Novemba 2020 CHADEMA ikawafukuza wanachama wake 19, wanawake vilevile, wa viti maalumu vilevile. Hao wakabaki bungeni. Katiba ileile, nchi ileile. Mimi nimesomesha hesabu miaka mingi, na hesabu hiyo sijaweza kuifanya ikatoka.

Sasa ukishajua kwamba kiti si chako, ndipo utaona tofauti ya mtu na mtu. Kuna anayehama akijua kiti anakipoteza, na kuna anayehama akijua kiti kinamngoja upande wa pili, kimepigwa na vumbi kidogo tu. Mnakumbuka 2017 na 2018? "Naunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, ndivyo walivyosema waliohamia CCM. Kila wiki mmoja. Mbunge wa Kinondoni alijiuzulu CUF Desemba 2017. Februari 2018 uchaguzi mdogo ukaitishwa, akagombea jimbo lilelile kwa CCM, akashinda. Siku moja kabla ya kura, katika vurugu za uchaguzi ule, msichana mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa ndani ya daladala na hana habari na siasa za mtu, alipigwa risasi akafa. Jimbo lilikuwa na mbunge. Likatumia fedha, likapoteza roho ya mtoto, likampata mbunge yuleyule.

Kaacha nini yule bwana? Nani alimfuata? Jijibuni wenyewe.

Sasa niingie kwa mtu niliyekuja kumzungumza.

Maalim Seif Sharif Hamad alizaliwa Mtambwe, hapa hapa kisiwani, Oktoba 1943. Jina la Maalim halikuwa la mapambo, alikuwa mwalimu kweli, kasomesha Fidel Castro huku Pemba na Lumumba kule Unguja kabla hajakwenda Chuo Kikuu Dar es Salaam mwaka 1972. Wapo wazee humu waliokaa kwenye madawati yake. Mimi sikubahatika.

Watu wanamkumbuka kama mpinzani. Wanasahau kwamba alikuwa mtoto wa ndani, wa ndani kabisa. Waziri wa Elimu wa Zanzibar mwaka 1977. Kamati Kuu ya CCM. Mkuu wa Idara ya Uchumi na Mipango ya chama. Mwanzoni mwa 1984, Rais wa Zanzibar, Mzee Aboud Jumbe, alipolazimika kujiuzulu kule Dodoma na Mzee Mwinyi akachukua nafasi yake, Maalim akawa Waziri Kiongozi. Ana miaka 40. Kama mngemuuliza mtu yeyote sokoni Darajani, Unguja, mwaka ule ni nani atakayekuja kuwa Rais wa Zanzibar, mnajua angewajibu nani.

Miaka 4. Januari 1988 akaondolewa Uwaziri Kiongozi. Mei mwaka huohuo yeye na wenzake 6 wakafukuzwa CCM.

Hapa nataka vijana mtulie kidogo, maana nyinyi mmezaliwa katika vyama vingi na jambo hili hamwezi kulionja. Leo mtu akifukuzwa chama, jioni ana mkutano na waandishi, kesho ana kadi nyingine. Mwaka 1988 hapakuwa na kadi nyingine. Chama kilikuwa kimoja. Ukitolewa CCM hukuhamia popote, ulitolewa katika siasa, na karibu utolewe katika nchi. Jamaa wakikuona njiani wanavuka upande wa pili. Si kwa ubaya, ana watoto wanasoma, ana duka la kibali. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo na nitasema la kweli mbele yenu: mimi pia nilivuka upande wa pili wa njia. Si kwa Maalim, sikuwa wa kiwango hicho. Kwa jirani yangu aliyekuwa akitajwatajwa kuwa mtu wao. Alinisalimia, nikajifanya natazama saa. Saa yenyewe ilikuwa imekufa.

Mei 1989 Maalim akakamatwa. Shitaka lilikuwa kukutwa na nyaraka za siri za serikali. Akakaa ndani mpaka Novemba 1991. Hesabuni wenyewe, miezi 30 na hakuna hukumu.

Kaacha nini? Gari, nyumba ya serikali, mshahara, kiti cha Baraza, na ile heshima ya watu kusimama ukiingia. Nani kamfuata? Kwanza hakuna. Wenzake 6 na familia zao. Ndiyo maana nasema, siku ya kuhama si siku ya kumpima mtu. Subirini. Sheria ya vyama vingi ilipokuja mwaka 1992, jamaa wa Zanzibar waliokuwa na KAMAHURU, kundi lao la kudai vyama vingi, wakaungana na kundi la bara la James Mapalala, ikazaliwa CUF. Na 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kwa urais wa Zanzibar hesabu iliyotangazwa ilikuwa Dk. Salmin Amour kura 165,271, Maalim Seif 163,706. Tofauti 1,565. Yule mtu ambaye miaka 7 nyuma watu walikuwa wakivuka njia wasikutane naye!

Yaliyofuata mnayajua na leo sitayafungua yote, mengine yana makaburi. Uchaguzi wa 2000. Januari 2001, watu waliouawa na watu waliopanda vyombo usiku wakakimbilia Shimoni, Kenya. Uchaguzi wa 2005. Halafu Novemba 2009 yeye na Rais Amani Karume wakakutana Ikulu, wakayaita Maridhiano, na Julai 2010 wananchi wakaipigia kura Serikali ya Umoja wa Kitaifa, asilimia 66 wakasema ndiyo. Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Tulidhani jahazi limefika bandarini.

Nataka sasa niwaonyeshe jambo ambalo watu hawaliunganishi. Mtu mmoja akihama chama Dar es Salaam, nyumba inaweza kuanguka Zanzibar.

Julai 2015, Mzee Edward Lowassa, jina lake limekatwa CCM katika mbio za urais, akatoka akaingia CHADEMA. Chama kilekile kilichomnanga kwa miaka kwa habari ya Richmond, kashfa ya mkataba wa umeme, sasa kikamvisha kombati. UKAWA yote, ule muungano wa vyama vya upinzani, ikasimama nyuma yake, CUF ikiwemo. Kura alipata, tusimnyime, milioni 6 na ziada, karibu asilimia 40. Lakini siku chache tu baada ya kuingia kwake, Profesa Lipumba, Mwenyekiti wa CUF, akasema hili mimi siliwezi, akajiuzulu uenyekiti. Wakati ule wengi walimcheka. Mimi nilimheshimu kwa hilo, na bado namheshimu kwa hilo. Kujiuzulu kwa msimamo ni jambo adimu kwetu.

Tatizo ni kwamba alirudi. Juni 2016 akaandika barua kwamba anaitengua ile ya kujiuzulu. Mkutano mkuu ukavurugika. Msajili wa Vyama akamtambua Lipumba kuwa bado Mwenyekiti. Chama kikawa na vichwa viwili, ofisi ya Buguruni, Dar es Salaam, kichwa kimoja, Zanzibar kichwa kimoja, na ruzuku ikawa na mdomo mmoja tu. Nao mjue wakati gani: huku Zanzibar Oktoba 2015 uchaguzi ulikuwa umefutwa na Mwenyekiti wa Tume, Jecha, na Machi 2016 CUF ikasusia wa marudio. Maalim hana serikali, na sasa hana chama. Miaka mitatu ya mahakamani.

Na Lowassa je? Tarehe 1 Machi 2019 alirudi CCM. Alipokelewa, akapewa kofia, akasema amerudi nyumbani.

Siku 17 baadaye, tarehe 18 Machi 2019, Mahakama Kuu ikatoa hukumu iliyomwacha Lipumba kwenye uenyekiti. Yaani aliyeianzisha fitina kwa kuingia alikwisha rudi kwao anakunywa chai, na nyumba aliyoitikisa ndiyo inaanguka. Siku 17, wanangu. Kitu hiki kingetungwa na mshairi tungesema katia chumvi.

Mchana uleule Maalim akatangaza. Hakukata rufaa, hakuomba siku mbili za kufikiri. "Shusha tanga, pandisha tanga." Wanaondoka CUF, chama alichokianzisha, wanaingia ACT-Wazalendo, chama cha Zitto Kabwe, ambaye naye, msisahau, alikuwa kafukuzwa CHADEMA Machi 2015 akapoteza ubunge wake.

Naomba dakika kwa yale maneno ya tanga, maana wengi wenu mnapanda boti ya mwendo kasi na tanga mmeliona kwenye kalenda. Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa jahazi, Wete na Tanga, Tanga na Wete. Nilikwenda naye mara mbili. Tanga la jahazi si pazia la kuvuta upande. Limefungwa kwenye foromali, mti mzito, mrefu kuliko chombo chenyewe pengine. Likichanika katikati ya bahari, ni lazima ulishushe lote. Wanaume wanashika henza, kamba ya kupandishia na kushushia tanga, foromali inateremka juu ya vichwa vya watu na abiria wanalala chini. Na muda ule ambao tanga la zamani limo ndani ya chombo na jipya halijapanda, chombo hakina mwendo. Wimbi linakipiga ubavuni. Abiria wanatapika, wengine wanasoma Yasini. Baba alikuwa akisema nahodha anajulikana hapo, si wakati wa upepo mzuri. Wakati wa upepo mzuri hata mimi mwenye miaka 9 nilikuwa nahodha.

Maalim, mwana wa Mtambwe, alijua anasema nini na anaowaambia ni kina nani. Hakusema tunahama nyumba, wala tunabadilisha gari.

Sasa mtaani kwetu ikawaje? Tulikuwa na barza ya chama, nyumba ndogo ya bati, ukuta umepakwa rangi za CUF na umeandikwa kwa herufi kubwa "Haki Sawa kwa Wote". Alasiri ile vijana wawili wakatumwa dukani wakanunue rangi ya zambarau, ndiyo rangi ya ACT. Mwenye duka akawacheka, "Tangu adhuhuri naulizwa rangi hiyohiyo, sina hata kopo." Wakanunua kopo la nyekundu na kopo la buluu wakachanganya kwenye ndoo ya maji, kwa kijiti. Ikatoka rangi ya bilingani iliyoiva sana. Wakaipaka hivyohivyo. Brashi walikuwa nayo moja, mmoja anapaka mwenzake anashika ngazi, watoto wanashangilia kila herufi inayozama. Hawakupaka rangi nyeupe kwanza, haraka ya nini sijui, kwa hiyo mpaka leo jua la jioni likipiga ule ukuta kwa pembeni, "Haki Sawa" inasomeka chini ya zambarau.

Kaacha nini? Jengo, jina, ruzuku, mihuri, miaka 27. Nani kamfuata? Ukuta umewajibu.

Tena kuna kundi lililofuata lisiweze kufuata. Wabunge wa CUF wa huku Pemba waliochaguliwa 2015: wangeondoka naye siku ile, majimbo yangebaki matupu. Kwa hiyo wengi wao walikaa bungeni kwenye viti vya CUF mpaka Bunge lilipomalizika 2020, mwili huku, moyo kule. Mbunge anaulizwa, "Mheshimiwa wewe wa chama gani?" anatabasamu anakwenda zake. Sheria ya kuwabana wahamaji ilizaa wahamaji waliokaa. Na Lipumba aliyeshinda kesi, alipogombea urais wa Muungano 2020, hakufika asilimia 1. Mahakama ilimpa chama. Haikuweza kumpa watu.

Mmepiga makofi. Ngojeni, msiyamalize, maana sasa nasema lisilowapendeza.

Chama kinachoweza kuhamishwa chote kwa mchana mmoja kina kasoro. Nasema kwa mapenzi. Kama mtu mmoja akitamka maneno manne, bendera za kisiwa kizima zinashuka kabla ya Magharibi, basi kilichokuwa kimejengwa miaka 27 kilikuwa ni mtu. Chama kilikuwa kanzu yake. Mwaka 1995 yeye, 2000 yeye, 2005 yeye, 2010 yeye, 2015 yeye, 2020 yeye. Mara sita! Nyinyi sita mlionyanyua mikono, chama chenu kikimsimamisha mtu mmoja mara sita, wengine watano mtaingia lini?

Na muulize Mheshimiwa Hamad Rashid Mohamed. Alikuwa mmoja wa wale waliofukuzwa CCM mwaka 1988 pamoja na Maalim. Wamekula shida pamoja, wamejenga CUF pamoja. Aliposema anautaka ukatibu mkuu na akaanza kukosoa, Januari 2012 akafukuzwa CUF. Na nani? Na wenzake. Akakimbilia mahakamani, akauokoa ubunge wake wa Wawi kwa amri ya zuio, baadaye akaenda chama cha ADC, akagombea ule uchaguzi wa marudio wa 2016 ambao wenzake wa zamani waliususia, kisha akawa waziri wa Rais wa Zanzibar, Dk. Shein. Wapo watakaosema huyo ni msaliti, nawasikia mnanong'ona. Mimi nasema hivi: aliyeonja kufukuzwa kwa kusema, alipokuwa na ufunguo wa mlango, aliufunga vilevile. Maalim alikuwa mkubwa. Hapo hakuwa mkubwa. Tukimpenda mtu tuwe na ujasiri wa kuyasema yote mawili kwa pumzi moja.

Kuna na Mzee Mrema, Mungu amrehemu, huyu nitampita mbio. Naibu Waziri Mkuu, akatoka CCM mwaka 1995, watu walilisukuma gari lake kwa mikono, dereva hana kazi. Akapata karibu asilimia 28 ya kura za urais dhidi ya Mkapa. Halafu NCCR, chama alichohamia, ikapasuka, 1999 akaingia chama kingine, TLP, na watu hawakusukuma tena. Hata alipofariki 2022 alikuwa mwenyekiti wa TLP, lakini chama kilikuwa kimebaki yeye na jina. Watu waliomfuata mara ya kwanza hawakumfuata ya pili. Kwa nini waliomfuata Maalim walimfuata mara zote? Nimelifikiri sana hili. Nadhani ni ile miezi 30. Watu huku hawakuwa wakifuata chama, walikuwa wakimfuata mtu aliyekwisha lipa.

Nimalizie safari yake. Oktoba 2020, tanga jipya, damu ikamwagika tena hapa Pemba siku za kura. Yakatangazwa matokeo, Dk. Hussein Mwinyi asilimia 76, Maalim karibu asilimia 20. Yule aliyekuwa akipata karibu nusu mara nyingi! Chama chake kiliyakataa. Kisha Desemba akakubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais kwa mara nyingine. Wanachama waligawanyika, ndani ya nyumba moja mume na mke hawasemezani. Barza yetu ilikuwa kimya wiki nzima. Wengine walisema kauza. Mimi nilikasirika pia, sitaki kujifanya nilikuwa na hekima. Nilisema maneno makali, na mbele ya wajukuu.

Mwisho wa Januari 2021, wakati ambapo nchini kwetu neno corona lilikuwa halitamkwi, ikatoka taarifa ya ACT-Wazalendo: Makamu wa Kwanza wa Rais na mkewe wamepata corona, wamelazwa Mnazi Mmoja. Imeandikwa hivyo, bila ya kuzungukazunguka. Hakuna kiongozi wa cheo chake aliyekuwa amesema hivyo. Watu wazima walianza kuvaa barakoa kwa sababu ya karatasi ile. Mimi ni mmojawao, mke wangu alinishonea ya kitenge.

Tarehe 17 Februari akafariki Muhimbili, Dar es Salaam. Kesho yake akazikwa Mtambwe. Mliokuwapo mnajua barabara ilivyokuwa.

Mwenyekiti wa mkutano ananionyesha saa. Namwona. Hii yangu inakwenda siku hizi, nimeitia betri.

Kuna kijana ameniuliza mlangoni kabla sijaingia, "Mwalimu, na wewe umehama mara ngapi?" Swali zuri, na nilijua litakuja, kwa hiyo nimekuja nazo. Hizi hapa mfukoni. Hii ya kijani ni ya CCM, enzi zile mwalimu asiye nayo alikuwa akiulizwa maswali mengi. Hii ya pili ni ya CUF, pembe imeliwa na mende. Hii ya tatu mnaijua. Sikuchana hata moja. Mke wangu amenishauri mara nyingi nizichome zile mbili, sijaweza kumpa sababu.

Shika mwanangu, anzia wewe uliyenyanyua nusu mkono. Zipitisheni, mziangalie na picha, nilikuwa na nywele. Lakini ziwe tatu zikifika hapa mbele, na zifike kabla ya adhana.